Gari Lililokugonga Lina Bima ya Nani?



Tangu mwaka huu uanze wameingia ofisini mwa tawi wanachama kadhaa wenye magongo, na wake wa wanachama wenye barua za hospitali, wote wakiuliza neno moja: "Tutalipwa na nani?" Nasi tunapowauliza gari lililogonga lilikuwa na bima ya kampuni gani, hunyamaza. Mwingine husema lilikuwa jeupe. Mwingine husema lilikuwa na jina la sacco ubavuni. Mmoja alituambia lilikuwa na picha ya mchezaji mpira kwa nyuma. Habari hizo zote hazilipi hata kidonge cha maumivu.

Kwa hiyo mwezi huu tumeweka kando shauri la mishahara na la nyumba, ambayo tutayarudia, ili tuseme juu ya bima ya gari la mtu mwingine, na namna ya kuijua.

Sisi watu wa reli twajua kuandika ajali. Tangu siku ya kwanza kazini tumefundishwa kwamba jambo likitokea njiani kila kitu huandikwa: saa, kilometa, nambari ya injini, jina la dereva, hali ya ishara. Hapana mtu aondokaye kabla taarifa haijaandikwa. Lakini mfanya kazi yule yule akitoka zamu, akavuka Barabara ya Jogoo na kugongwa na matatu, husahau elimu yake yote. Watu wema humbeba, gari huondolewa, damu hufunikwa kwa mchanga, na baada ya majuma matatu hutoka hospitali asijue hata nambari ya gari.

Mwenzetu mmoja wa gangi ya njia aligongwa na lori jioni akitoka kazini. Mguu ulivunjika mahali pawili. Dereva alikuwa mtu wa maneno mazuri: alimpeleka hospitali mwenyewe, akamwachia shilingi 5,000 na nambari ya simu, akamwambia, "Mzee wangu, tusisumbuane na polisi, tutamalizana kindugu." Simu ile ilishikwa kwa majuma mawili, kisha ikazimwa. Tawi lilipoanza kutafuta, hapakuwa na taarifa polisi, na lori lenyewe lilikuwa limekwisha uzwa. Mguu ule ulilipwa shilingi 5,000.

Hatusemi dereva yule alikuwa mwovu kuliko wengine. Dereva na makanga ni wafanya kazi kama sisi, nao huogopa kufutwa. Lakini undugu wa kando ya barabara haulipi karo ya shule, na bima imewekwa ili dereva naye asiwe na haja ya kukimbia.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Ilitungwa mwaka wa 1945, enzi za ukoloni, na ingawa imerekebishwa mara kadhaa bado ndiyo itumikayo, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Yasema kwamba hairuhusiwi kutumia gari la moto barabarani pasipo bima kwa ajili ya mtu wa tatu. Wengi hudhani mtu wa tatu ni abiria wa kiti cha nyuma. Maana yake ni hii: wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, wale wawili wamefanya mkataba wao. Wa tatu ni wewe, ambaye hukualikwa kwenye mkataba wala hukutia sahihi, ila ni mwili wako uliogongwa. Bodaboda pia ni gari la moto mbele ya sheria hii, nayo yapaswa kuwa na bima.

Yafaa tujue pia sheria hiyo inaishia wapi, maana watu huja na matumaini makubwa mno. Bima inayolazimishwa ni ya kifo na majeraha ya mwili. Baiskeli yako iliyopondwa haimo katika lazima hiyo, ingawa mikataba mingi huilipia mali pia. Kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa madai ya mtu mmoja. Zaidi ya hapo ni juu ya mwenye gari. Abiria aliyelipa nauli amekingwa. Lakini aliyepewa lifti ya bure katika gari la kibinafsi la rafiki hakingwi kwa lazima, na jambo hili limewashangaza wengi baada ya safari za mazishi. Mkipanda gari la jirani kwenda matanga, mwulizeni kwa heshima kama mkataba wake unawahesabu abiria. Akikasirika, ni afadhali akasirike kabla ya safari.

Sasa, namna ya kuijua hiyo bima.

Jambo la kwanza ni nambari ya gari. Mtu akisahau yote na kushika hiyo peke yake, bado tunaweza kumsaidia. Ikiwa lori lina trela, chukua nambari zote mbili, kwa maana kichwa na trela huweza kuwa na nambari mbalimbali. Aliyegongwa mara nyingi hawezi kuandika neno, pengine hana fahamu. Kwa hiyo kazi hii ni ya mwenzake aliye karibu. Kila mwanachama na aifanye kwa ajili ya mwingine kama vile ambavyo angependa kufanyiwa.

Jambo la pili ni cheti cha bima. Zamani kilikuwa stika ya karatasi peke yake, na wahalifu walizighushi sana. Miaka ya karibuni kampuni zimeanza kutoa vyeti kwa njia ya mtandao, ambavyo huweza kuhakikiwa kwa nambari yake. Kama kimebandikwa kiooni au kimo katika simu ya dereva, soma jina la kampuni, nambari ya mkataba, nambari ya cheti, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na gari limekatiwa bima ya kazi gani. Siku hizi karibu kila mtu ana simu yenye kamera. Picha moja iliyo wazi yatosha. Jihadhari na majina. Jina la sacco ubavuni si la kampuni ya bima, na mara nyingi si la mwenye gari pia. Hata jina la wakala aliyeuza bima si la kampuni itakayolipa.

Tarehe ina maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Wenye matatu wengi hununua bima ya mwezi mmoja mmoja, kwa sababu hawana pesa za mwaka mzima. Mwezi huu gari limo katika kampuni hii, mwezi ujao limehamia nyingine. Mtu akienda stendi baada ya miezi miwili na kusoma cheti kilicho kiooni, huenda akaishtaki kampuni isiyohusika kabisa, na kampuni hiyo haitafanya haraka kumwambia. Kinachotakiwa ni cheti cha siku ile ya ajali.

Je, ni ufidhuli kumwuliza dereva? Hapana. Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, inamwagiza dereva aliyehusika katika ajali kusimama, kutoa jina lake na anwani yake, na ya mwenye gari, na alama za gari, kwa mtu mwenye haki ya kuuliza. Kama hakufanya hivyo, lazima aende polisi mapema awezavyo, kabla ya saa 24 kupita. Na ile Sura ya 405 inasema kwamba mtu anayedaiwa kwa majeraha ya namna hiyo, akiulizwa na mdai au mwakilishi wake, lazima aseme kama alikuwa na bima au hakuwa nayo, na kutoa habari zake kama zilivyo katika cheti. Tena ni kosa kukataa bila sababu. Kwa hiyo anayeuliza hajipendekezi, anadai lililo lake.

Baada ya hapo ni polisi, nao ni mlango ambao haurukwi. Ajali na iandikishwe katika kituo cha mahali ilipotokea, na mwenye kuandikisha apewe nambari ya OB. Halafu iombwe abstrakti. Karatasi hiyo ina mahali pa kuandika gari, mwenyewe, dereva, na kampuni ya bima pamoja na nambari ya mkataba. Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Hupokea abstrakti, huona muhuri, hufurahi, huikunja na kuitia mfukoni. Wakili akiifunua, huona pale pa bima pameachwa wazi, au pameandikwa kwamba uchunguzi unaendelea. Isome papo hapo kaunta. Kama pako wazi, mwulize askari kwa upole ni lini atapajaza, na urudi siku hiyo. Gari lililozuiliwa kituoni kwa ukaguzi halikosi kuonekana cheti chake, kwa hiyo swali hili laulizwa wakati gari lingali uani, siyo baada ya mwenyewe kulichukua. Na ukiombwa pesa, omba risiti. Mara nyingi neno risiti humaliza mazungumzo.

Kuna wale ambao hawana lolote ila nambari ya gari. Nao wasikate tamaa. Mamlaka ya usafiri, NTSA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hutunza daftari la magari, na mtu yeyote aweza kuomba habari za gari kwa mtandao wa eCitizen kwa kulipa ada. Atapewa jina la mwenye gari. Hatapewa jina la kampuni ya bima, lakini sasa anaye mtu wa kumwandikia barua ya madai na kumtaka ataje bima yake. Sheria humhesabu aliyeandikwa katika daftari kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo yule asemaye "niliuza zamani" lazima yeye ndiye aonyeshe aliuza kwa nani. Tena angalieni jambo hili: mara nyingi daftari huonyesha majina mawili, la mtu na la benki. Hiyo ni dalili njema. Benki haikopeshi gari bila kutaka lilindwe kwa bima, na mkopeshaji huyo huwa anajua ni kampuni gani.

Wenzetu wa Malaba, Busia, Nakuru na Mlolongo wana shida yao peke yao, nayo ni malori ya nchi za nje. Lori la Uganda au la Rwanda likikugonga Kenya, usidhani lazima uifuate kampuni mpaka Kampala au Kigali. Magari hayo hutembea na Kadi ya Manjano ya COMESA, mpango ulioanza kazi mwaka wa 1987, ambao hukubaliwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na kwingineko, hata Tanzania, ingawa Tanzania ilikwisha toka COMESA. Kila nchi ina ofisi yake ya mpango huo, na hapa Kenya ni shirika la Kenya Re. Kwa hiyo kwa lori la nje, andika nambari ya Kadi ya Manjano pamoja na jina la kampuni iliyoitoa, na ufanye hivyo kabla lori halijavuka mpaka.

Sasa mtu atauliza, kwa nini haraka yote hii, na kesi yaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3? Ni kweli, madai ya majeraha dhidi ya mtu binafsi yana miaka 3 tangu siku ya ajali, ingawa dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Lakini ipo siri nyingine ambayo imewaua wengi. Sheria inailazimisha kampuni ya bima kulipa hukumu ya korti iliyotolewa dhidi ya mtu wake, ila kwa sharti kwamba kampuni ilipewa notisi ya kesi kabla haijafunguliwa, au katika siku chache zilizowekwa baada ya kufunguliwa. Usipojua jina la kampuni, notisi utampelekea nani? Tumemwona mtu mwenye hukumu mkononi, yenye muhuri wa korti, ambayo kampuni iliikataa kwa sababu hiyo moja. Akabaki kumfuata mwenye gari, na mwenye gari hana kitu ila gari bovu. Kesi ilishindwa siku ile ya barabarani, ingawa hakimu alihukumu miaka minne baadaye.

Tena hata kampuni yenyewe huweza kufa. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, na zote mbili zilikuwa na magari mengi ya abiria. Waliokuwa na hukumu dhidi ya watu wa kampuni hizo walingoja miaka na miaka. Kwa hiyo ukishajua jina, ulizia katika Mamlaka ya Kudhibiti Bima, yaani IRA, kama kampuni hiyo ingali na leseni. Ofisi hiyo pia hupokea malalamiko dhidi ya kampuni inayokataa kulipa bila sababu.

Neno kwa walioumia wakiwa kazini. Kama ulikuwa katika gari la mwajiri, au ulitumwa, unayo milango miwili. Mmoja ni sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini, ambayo humfunga mwajiri kulipa hata kama hana kosa. Hata gari la bure alilowatengea mwajiri kuwapeleka kazini na kuwarudisha humo limo. Msimamizi wako na aambiwe mara moja, kwa maandishi, tena nakala ibaki kwako. Mlango wa pili ni bima ya gari lililowagonga. Wapo wasimamizi wanaosema ukiingia mlango mmoja umejifungia mwingine. Kabla ya kuwaamini, njoo tawini.

Na sasa juu ya wale wanaozunguka wodi. Mara mtu anapolazwa huja kijana aliyevaa tai, mwenye fomu, asemaye ametumwa na wakili mkubwa. Huyo tayari anajua bima ya gari, tusiulize ameijuaje. Mwingine hutoka kwa kampuni yenyewe, na bahasha. Mgonjwa mwenye dripu mkononi hutia kidole, naye hajui kwamba karatasi ile yasema amekwisha ridhika na hatadai tena. Hatuwakatazi wanachama kupatana na kampuni nje ya korti. Mapatano mazuri ni bora kuliko kesi ya miaka sita. Tunachokataa ni sahihi ya kitandani. Mwambieni mgeni huyo aiache karatasi, itasomwa.

Mwisho wa hayo kuna jambo ambalo mwanachama mmoja mmoja hawezi kulitengeneza. Umefanya yote, umeandika, umeuliza, na jibu likawa kwamba gari halina bima, au lilitoroka na halijulikani. Bodaboda nyingi ziko hivyo. Hapo Kenya haina mfuko wa kukulipa. Sheria yetu ilinakiliwa kutoka ya Uingereza, lakini Waingereza walijiongezea mwaka wa 1946 ofisi ya pamoja ya kampuni za bima, ambayo hulipa watu waliogongwa na magari yasiyo na bima. Nusu hiyo hatukuletewa. Afrika Kusini nayo ina mfuko wake wa ajali za barabarani, unaotokana na ushuru wa mafuta. Una matatizo yake mengi, twajua, lakini upo. Nchini kwetu kampuni za bima hupokea malipo kutoka kwa kila gari lililo halali, na mfanya kazi aliyegongwa na gari lisilo halali huachiwa harambee ya kanisani. Maoni yetu ni kwamba chama kilipeleke shauri hili katika shirikisho la vyama, na kutoka huko Bungeni, wala tusiombe kama sadaka. Atakayekuwa mjumbe wetu katika mkutano ujao ataulizwa na wanachama amesema nini juu yake.

Kwa sasa, kamati imekubali kwamba kila tawi liwe na kitabu cha ajali za barabarani. Mwanachama au jamaa yake akigongwa, habari iletwe kwa karani wa tawi ndani ya siku saba: nambari ya gari, mahali, saa, kituo cha polisi, nambari ya OB, na jina la bima likiwa limepatikana. Karani ataandika barua ya kumwuliza mwenye gari bima yake, na nakala itabaki kitabuni. Walio stesheni ndogo waweza kutuma kwa simu au kwa mkono wa gadi wa treni. Na wale waliogongwa ndani ya miaka miwili iliyopita ambao hawajajua mpaka leo gari lilikuwa na bima ya nani, walete abstrakti zao Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, hata kama pale pa bima pako wazi.